Wa botini ananinyima usingizi, wa uji ananituliza: nimpe nani moyo?

Shikamoo mama,

Mimi ni mwalimu wa skuli ya msingi hapa Unguja, nina miaka 27. Nakuandikia usiku, wenzangu wamelala, kwa sababu jambo hili siwezi kumwambia mama yangu mzazi.

Mwaka jana wakati wa kusi nilipanda boti kwenda Pemba kwenye harusi ya binamu yangu. Tulipofika mkondo wa Nungwi bahari ilichafuka. Boti inapanda na kushuka, watu wanatapika, watoto wanalia, bibi mmoja nyuma yangu anasoma Yasini kwa sauti. Nikajua ndiyo basi tena. Kijana aliyekaa karibu yangu alinipa kipande cha ndimu ninuse, akaniambia nitazame mbali nisitazame chini, akanisemesha mpaka tukafika Mkoani. Tuliposhuka gatini nilikuwa bado natetemeka, na nilipomtazama niliona sijapata kuona mwanamume kama yule. Alipoomba namba, nikampa.

Leo ni miezi kumi na moja. Anauza vipuri vya magari Dar es Salaam. Akijisikia, hunipigia na tukazungumza mpaka adhana ya alfajiri. Kisha hunikaushia siku tano, sita. Namwona yuko hewani, tiki zimekuwa bluu, hajibu. Simu ikilia tu, moyo unaruka na mikono inapoa. Nikimuuliza lini wazee wake watakuja kwetu, hucheka, akabadilisha mazungumzo.

Upande wa pili yupo mwalimu mwenzangu anayesomesha hesabu. Tumekaa chumba kimoja cha walimu miaka mitatu. Baba yangu alipolazwa hospitali wiki mbili, yeye alikuja kila jioni na chupa ya uji. Hakukosa hata siku moja, hata ile ya mvua kubwa. Hakusema kitu. Baba alipotoka, ndipo akamtuma shangazi yake kuja kuuliza. Chupa ya siku ya mwisho bado iko jikoni kwetu, naona haya kuirudisha. Kwao wanataka kuleta posa mfungo sita. Mama amefurahi kupita kiasi. Baba, ambaye umri wake wote alikuwa baharia na sisi tulizoea kukaa miezi tukimngoja, anasema mtu huyu nisimwache.

Nikiwa naye nazungumza vizuri, nacheka, usiku nalala usingizi. Lakini moyo haurukiruki. Akiingia chumbani naendelea kusahihisha madaftari. Nikiolewa naye sitakuwa najidanganya? Si wanasema moyo ndio unaojua?

Mwalimu asiye na usingizi, Unguja

*

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nikayapigia mstari maneno mawili: nalala usingizi. Uliyaandika kama mtu anayetoa lawama, kisha ukatia saini kwa jina la asiye na usingizi. Tuanzie hapo, kwa sababu nadhani umefundishwa, kama tulivyofundishwa wengi, kwamba mapenzi hupimwa kwa mapigo ya moyo.

Unauliza kama moyo ndio unaojua. Moyo unajua kitu kimoja kwa hakika: kwamba kuna jambo. Ni jambo gani, hausemi. Aliyekanyaga nyoka gizani na aliyekutana na mpenzi wake mlangoni, wote moyo unawadunda, viganja vinatoka jasho, pumzi zinakatika. Jina la jambo tunalitia sisi wenyewe, kwa kumtazama aliye mbele yetu wakati ule.

Mwaka 1974 wanasaikolojia wawili, Donald Dutton na Arthur Aron, walichapisha uchunguzi ambao ukiusoma utadhani waliufanya botini kwenu. Waliufanya Kanada, kaskazini ya mji wa Vancouver, kwenye daraja la Capilano. Daraja hilo lina urefu wa mita 140 hivi, limening'inia mita 70 juu ya mto wenye mawe, na mtu akilipita huyumba chini ya miguu yake. Msichana mmoja aliwangoja wanaume waliokuwa wakivuka peke yao, akawaomba wamwandikie kisa kifupi kuhusu picha aliyowaonyesha, kisha akawapa namba yake ya simu kwenye kipande cha karatasi, akiwaambia wampigie wakitaka kujua zaidi. Akafanya vilevile kwenye daraja jingine karibu na hapo, la mbao nzito, lililotulia, mita tatu tu juu ya kijito.

Katika wanaume 18 waliopokea namba kwenye daraja la kuning'inia, 9 walipiga simu. Kwenye daraja lililotulia, katika 16 walipiga 2. Na visa vilivyoandikwa juu ya daraja lile la kuyumba vilikuwa na mahaba zaidi. Mtu angeweza kusema kwamba wanaopita madaraja ya hatari ni wajasiri wa kila kitu, hata wa kupiga simu. Kwa hiyo watafiti walirudia kazi, wakawalinganisha wale waliosimamishwa katikati ya daraja na wenzao waliokwisha kulivuka, wakapumzika dakika kumi au zaidi. Waliopumzika hawakuvutiwa na yule msichana kwa kiasi kile. Miguu ilikuwa imeacha kutetemeka.

Sasa rudi gatini Mkoani. Mwili wako ulikuwa umejaa hofu ya kufa, na hofu ile ilikuwa haijapata pa kwenda. Mbele yako amesimama kijana mwenye ndimu mkononi. Macho yakamwona yeye, mwili ukatetemeka, akili ikaunganisha. Sikwambii kwamba ulichohisi ni uongo. Yule kijana alikufanyia wema wa kweli na anastahili shukrani zako. Ninalokwambia ni kwamba bahari nayo ilichangia, na wewe deni lote umemwandikia yeye.

Utaniuliza: mbona bahari ilitulia zamani na moyo bado unaruka? Kwa sababu boti hujashuka bado, mwanangu. Imehamia kwenye simu.

Mwaka 2011 watafiti watatu, Erin Whitchurch, Timothy Wilson na Daniel Gilbert, waliandika kuhusu wasichana 47 wa chuo kikuu cha Virginia, Marekani. Kila msichana aliambiwa kwamba wapo wanaume waliotazama ukurasa wake wa Facebook wakampa alama. Kundi moja likaambiwa: hawa wamekupenda sana. La pili: hawa wamekuona wa kawaida. La tatu likaachwa njia panda: huenda wamekupenda sana, huenda wamekuona wa kawaida. Kuambiwa unapendwa kulivutia kuliko kuambiwa wewe ni wa kawaida, hilo lilitarajiwa. Lakini waliovutiwa kupita wote ni wale walioachwa njia panda. Nao ndio walioshindwa kuwatoa wanaume wale vichwani mwao.

Utakuta jambo hilihili kwa njiwa. B. F. Skinner, mwanasaikolojia wa Marekani, alionyesha kwamba njiwa anayepewa punje kila anapodonoa kidude huacha upesi punje zikikatika. Lakini njiwa aliyezoea kupata leo, akakosa kesho, akapata tena bila mpango, huendelea kudonoa na kudonoa hata baada ya punje kwisha kabisa. Angalia usiku mkono wako unavyoifuata simu chini ya mto. Kila akikukaushia siku sita kisha akapiga, siku zile sita hazikufundishi kumwacha. Zinakufundisha kungoja.

Nayajua haya kwa mwili wangu. Nilipokuwa na umri wako hapakuwa na tiki za bluu, palikuwa na sanduku la posta. Kuna mtu aliniandikia barua tatu katika wiki moja, akanyamaza miezi miwili, akaandika tena. Nilikwenda posta kila Ijumaa kwa miaka miwili. Siku nikikuta barua, mikono ilinitetemeka hata nikachana bahasha pamoja na karatasi ya ndani. Nilidhani hayo ndiyo mapenzi, na sikumwamini yeyote aliyeniambia vingine. Leo nikijaribu kukumbuka barua zile zilisema nini, sikumbuki hata moja. Nakumbuka ufunguo wa sanduku, ulivyokuwa baridi kiganjani.

Nikuulize wewe: ya yule kijana unakumbuka nini? Katika barua yako nzima hukuniambia anacheka na nini, anaogopa nini, anamtendeaje mama yake. Umeniambia saa anazopiga na siku anazonyamaza. Mwenzake umenieleza kwa mvua na uji.

Kuna sentensi nyingine uliyoipitisha haraka, nami nataka kuigusa kwa mkono mwepesi. Umesema baba yenu alikuwa baharia na mlizoea kumngoja. Mwaka 1954 na 1955 mtafiti Mary Ainsworth aliishi Uganda, akawa anatembelea nyumba za vijiji vya karibu na Kampala, akiwaangalia kina mama wa Kiganda na watoto wao wachanga. Aliona kwamba mtoto anayejua mama yake yupo na ataitikia akiitwa, huyo ndiye anayethubutu kutambaa mbali, akacheza, akarudi. Asiyekuwa na uhakika huo hung'ang'ania na kulia. Baadaye, mwaka 1987, Cindy Hazan na Phillip Shaver waliandika kwamba hata watu wazima, katika mapenzi, hubeba namna zile walizozoea za kushikamana na wapenzi wao.

Baba yako hakufanya kosa. Alikuwa akitafuta riziki baharini, na sasa yeye mwenyewe anakwambia usimwache mtu anayekaa. Lakini mtoto aliyekulia nyumba ya kungoja huweza kukua akidhani kwamba kungoja ndiko kupenda, na kwamba asiyengojwa hapendwi. Mwalimu wa hesabu hakukupa nafasi ya kumngoja hata jioni moja. Huenda ndiyo maana umeshindwa kumwona.

Watu wa zamani walisema mazoea yana taabu, na waliyaona haya kabla ya vyuo vikuu. Mwaka 1992 Richard Moreland na Scott Beach wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh waliwatumia wasichana wanne wanaokaribiana kwa sura. Mmoja alihudhuria darasa moja kubwa mara 15 katika muhula, wa pili mara 10, wa tatu mara 5, wa nne hakuingia kabisa. Waliingia, wakakaa, wakatoka, bila kusemezana na mtu. Mwisho wa muhula wanafunzi wakaonyeshwa picha zao. Wengi hawakukumbuka kuwa wamewahi kuwaona, lakini kadiri msichana alivyohudhuria mara nyingi, ndivyo walivyomwona anavutia zaidi. Upo upendo unaoingia kwa mlango wa nyuma, bila kupiga hodi. Ukiendelea kusahihisha madaftari mtu akiingia, huenda hana lolote kwako. Na huenda pia amekwisha kuingia siku nyingi.

Tena mruko wa moyo una mwisho wake hata kwa waliooana na wa botini. Mwaka 1999 Donatella Marazziti na wenzake wa Pisa, Italia, walipima damu za watu 20 walioingia kwenye mapenzi karibuni. Walikuta kemikali ya ubongo iitwayo serotonini inakwenda kama inavyokwenda kwa wagonjwa waliotawaliwa na wazo moja wasiloweza kulitoa kichwani. Baadhi yao walipopimwa tena baada ya mwaka mmoja hivi, walikuwa wamerudi hali ya kawaida. Basi usiulize tu nani anakurusha moyo leo. Uliza nani ungependa kuwa naye meza moja siku moyo utakapoacha kuruka, maana siku hiyo itafika.

Mume wangu huingia nyumbani kila jioni baada ya magharibi. Nasikia funguo zake mlangoni, zinagonga mara mbili kwa sababu kitasa kimechakaa. Ni miaka 31. Moyo wangu haukimbii nikisikia mlio ule. Unakaa chini, kama mtu aliyefika nyumbani akavua viatu. Siku akichelewa ndipo ninapojua ninavyompenda.

Lakini sikilizeni pamoja na mama yako hili nisemalo sasa: usiolewe kwa shukrani. Uji wa wiki mbili si mahari. Kuna wanawake waliochukua utulivu wa mtu mwema wakaufanya mapenzi kwa kulazimisha, wakaishia kumchukia aliyewafanyia mema. Mazoea hukuza kilichopo tu. Kama ulichonacho ndani ni kukerwa naye, miaka itakuza hicho. Ukifikiria mkono wake juu ya mkono wako, mwili ukasita kwa kuchukizwa, hiyo ni sauti ya kusikilizwa, na dini yetu imekupa haki ya kuulizwa na haki ya kukataa. Ukifikiria hivyo usihisi radi wala kuchukizwa, ila udadisi mdogo na uso wenye joto kidogo, basi kuna mbegu.

Kwa hiyo fanya hivi.

Mwambie mama aombe muda. Posa ikija mfungo saba au mfungo nane haijaharibika.

Yule wa botini muulize swali moja, kwa maandishi, lenye siku ndani yake: wazee wako watakuja kwetu kabla ya mwezi fulani, ndiyo au hapana? Mpe wiki moja, kuanzia Alhamisi hadi Alhamisi. Kicheko si jibu. Kimya ni jibu. Akikosa kujibu, futa namba, na ukae tayari, kwa sababu siku utakapoanza kumsahau ndiyo siku atakayopiga. Kumbuka njiwa. Usipokee. Wiki za mwanzo mwili utauma kama wa mtu aliyeacha tumbaku, na utajiambia maumivu hayo ni ushahidi wa mapenzi makubwa. Ni maumivu ya kungoja kunakotoka mwilini.

Na mwalimu mwenzako, zungumza naye. Miaka mitatu mmezungumza ratiba na mitihani. Nikisema kweli, yeye naye ana kosa: amekuletea uji, amemtuma shangazi, lakini wewe mwenyewe hajakuuliza. Moyo haujibu swali ambalo haukuulizwa. Kujua kwamba unatamaniwa, kuambiwa kwa kinywa, ni chakula cha mvuto, na huyu mtu amekulisha kila kitu isipokuwa hicho. Mwaka 1997 Arthur Aron, yuleyule wa daraja, aliwakalisha wawiliwawili watu wasiojuana, akawapa maswali 36 ya kuulizana kwa zamu, mepesi mwanzoni, mazito kadiri yanavyoendelea. Baada ya dakika 45 walihisi ukaribu kuliko wenzao waliopewa maswali ya porojo. Nanyi kaeni barazani kwenu, mama akiwa ndani na mlango uko wazi. Muulize mara ya mwisho kulia ilikuwa lini. Muulize aliogopa nini alipokuwa mdogo, na kwa nini hasa alikuja hospitali na mvua ile. Kisha na wewe ujibu maswali hayohayo bila kujificha. Fanyeni mara kadhaa. Usimlinganishe na boti. Mtazame alivyo.

Baada ya hapo, ukiona bado hakuna kitu, mwambie mapema na kwa heshima. Usimweke kama tairi la spea huku ukisikilizia simu ya Dar. Mtu aliyekuja kila jioni bila kukosa hastahili kuonjeshwa kungoja kule unakokujua wewe.

Uanze na ile chupa iliyoko jikoni. Usimtume mtoto. Ioshe, utie chochote ndani yake, maana chombo hakirudi kitupu, uende nayo mchana kweupe umpe mkononi. Hapo hapatakuwa na bahari iliyochafuka wala simu ya kutazama. Msikilize anavyokupokea, ujisikilize na wewe, halafu uniandikie.